Usimkate Mama

Dokta Gaudiosus Rweyemamu alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na mkewe alikuwa akisema mbele za watu kwamba anaipenda sheria hiyo kuliko anavyompenda yeye: sauti haikatwi. Ukimrekodi mzee, unamrekodi mpaka mwisho. Akikohoa unaacha kikohozi, akitukana unaacha tusi, akisinzia unaacha hata mkoromo. Kwa miaka ishirini na miwili alizunguka Karagwe na Kyerwa na kirekodi chake, kuanzia Kanoni mpaka kule mpakani, akikusanya nyimbo za ala ya enanga, majigambo ya vita, masimulizi ya koo, na majina ya ndizi ambazo siku hizi hakuna anayezipanda. Chuoni Dar es Salaam alikofundisha historia walimheshimu sana. Kijijini kwao, nyuma ya Ihanda, jina la kijiji tuliache maana wenyewe bado wapo, walimwita Mwalimu Mwaka Gani, kwa sababu hata msibani alikuwa anauliza mwaka.

Mwezi wa saba akapigiwa simu na Nyirabageni. Mama huyu hakuwa mtu wa simu. Alikuwa jirani yao wa siku nyingi, mjane, anaishi na bintiye Mahoro kwenye kipande cha shamba ubavuni mwa shamba la marehemu mama yake Dokta.

"Mwalimu," akasema, hata salamu hakungoja, "kaka yako ameng'oa miramura yangu."

Dokta alikuwa amesimama kwenye korido ya chuo na rundo la mitihani kwapani. Akaketi kwenye ngazi. Miramura ni ile mimea mirefu yenye majani membamba ambayo watu wa huko huipanda kwenye mipaka. Ukiiona unajua hapa ni kwa fulani na pale ni kwa fulani, huhitaji karatasi. Kumng'olea mtu miramura ni kumwambia kwamba hakuwahi kuishi hapo.

Kipande chenyewe kilikuwa hivi. Bi Kokushubira, mama yake Dokta, alianguka akavunjika nyonga mwaka elfu mbili na tatu. Wanawe wote walikuwa mbali, huyu Dar es Salaam na vitabu vyake, yule mkubwa, Gideon, Mwanza na biashara zake. Aliyembeba mgongoni kumtoa na kumwingiza, aliyepalilia migomba yake na kuchuma kahawa yake kwa miaka miwili, ni Hategekimana, mume wa Nyirabageni. Na aliyemwogesha ni Nyirabageni. Mama aliposimama tena na mkongojo wake, akaita mashahidi wawili, pombe ya rubisi ikanywewa, miramura ikapandwa kwenye pembe nne, na Hategekimana akapewa kipande kile kiwe chake na wanawe. Miaka ikaenda. Mashahidi wakafa, mama akafa, na Hategekimana naye akafa akazikwa humohumo, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Sasa Gideon amestaafu, amerudi nyumbani, na kahawa imepanda bei. Akasema shamba la ukoo halitoki nje ya ukoo. Akang'oa miramura asubuhi moja, akapanda maharage mpaka kwenye kaburi la watu.

Ushahidi uliobaki duniani ulikuwa mmoja tu, nao alikuwa nao Dokta. Mwaka elfu mbili na tisa alimrekodi mama yake, dakika arobaini na tatu, kwa Kinyambo. Sauti ile hakuikabidhi maktaba ya chuo kama zile nyingine. Aliiweka kwake, kwenye kompyuta yake ya mkononi, maana ilikuwa ya mama.

Akapanda basi akaja.

Alimkuta Nyirabageni anaanua kahawa. Mama wa miaka sitini na sita, mfupi, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa jembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea sauti ya bibi?"

"Nimeileta. Kesho kwenye baraza la kata mtamsikia akisema kwa mdomo wake kwamba aliwapa. Gideon hatakuwa na la kusema."

Nyirabageni hakufurahi kama alivyotegemea. Alimimina kahawa kwenye gunia taratibu, kisha akamwambia Mahoro aende kuchota maji, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa. Binti akaelewa, akatoka.

"Kwenye hiyo sauti," akasema, "bibi alisimulia na ile Desemba?"

Alisimulia, ndiyo. Kijiji kizima kiliamini kwamba Hategekimana na mkewe ni wa wale waliokuja zamani, enzi za vibarua wa kahawa, ambao hakuna tena anayewauliza uraia. Nyirabageni alikuwa na kadi ya kura kama wenzake, anaimba kwaya ya Kilutheri, na Mahoro anafundisha chekechea ya kanisa. Waliojua ukweli walikuwa Bi Kokushubira na hao wenyewe wawili. Na kirekodi.

"Alisimulia," akakiri. "Lakini ni mbele, baada ya habari ya shamba. Anamaliza ya shamba, anacheka, ndipo anaingia huko. Akicheka tu, nazima."

"Unaniapia?"

"Mama, nakuapia. Kwa kaburi la mama yangu."

"Mimi shamba naweza kuacha, Mwalimu. Ila mzee yuko mle. Nikiondoka, nani atamfyekea?"

"Huondoki popote," akasema Dokta, na alisema kutoka moyoni. Hilo tusimnyime.

Baraza la kata lilikaa saa nne asubuhi, kwenye chumba chenye mabenchi na dirisha lisilo na kioo. Siku hizi mabaraza haya yanasuluhisha tu, hayakati shauri, lakini baraza likisema neno watu wanalishika. Mwenyekiti alikuwa Bi Felicitas, mama mnene mwenye sauti ya kiume, aliyewahi kuwa rafiki wa Bi Kokushubira. Mtendaji wa kata, dada mmoja anaitwa Prudensia, mgeni pale, alikaa pembeni na daftari. Gideon alivaa koti. Nyirabageni alikaa benchi la nyuma na bintiye, mikono mapajani.

Gideon akaongea kwanza. Kwamba anamheshimu mjane, kwamba hana ugomvi na mtu, ila hakuna karatasi, hakuna shahidi, na miramura mtu yeyote anaweza kujipandia. Watu wakaguna. Kisha Dokta akaweka kispika kidogo juu ya meza, akaeleza kwa Kiswahili cha chuoni umuhimu wa masimulizi kama chanzo cha historia, mpaka Bi Felicitas akamwambia, "Mwalimu, washa bwana, tutakufa hapa."

Akawasha.

Hapo jamani hakuna aliyekuwa amejiandaa. Bi Kokushubira alikuwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita, na sasa yumo chumbani anakohoa. Kikohozi chake kilekile! Anamfokea kuku. Anaanza kusimulia jinsi alivyoteleza kwenye maganda ya ndizi akaanguka "kama gunia la mbunge", na watu wazima wakaangua kicheko huku machozi yanawalengalenga. Alikuwa msimulizi yule mama, Mungu ampe raha. Pande zile mzee akisimulia, wasikilizaji humwitikia kila anapovuta pumzi, na chumba kizima kikaanza kumwitikia, eee, eee, kana kwamba ameketi palepale. Akasimulia alivyobebwa, alivyooshwa, alivyolishwa uji kwa kijiko na mwanamke asiye wa damu yake. Akawataja wanawe kwa majina kwamba walituma vocha za simu. Gideon akainamisha kichwa. Akasimulia rubisi na mashahidi, na miramura, pembe kwa pembe. "Nimewapa," akasema. "Atakayewanyang'anya aje aniambie mimi."

Kisha akacheka. Kicheko kirefu cha bibi asiye na meno ya mbele.

Gideon alikuwa analia. Koti na umri wake wote, analia waziwazi, na akasema, "Basi. Nimesikia. Ni mama." Kesi ilikuwa imekwisha! Pale pale ilikuwa imekwisha, kila mtu aliona. Kule nyuma Mahoro alimshika mama yake mkono. Dokta akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Weee!" Bi Felicitas akampiga kofi mkononi. "Usimkate mama yako. Hajamaliza."

Na ni kweli, pande zile mzee hakatwi akiwa anasimulia. Hata mlevi hafanyi hivyo. Unangoja mwenyewe aseme nimetua, ndipo unasimama. Gideon naye akasema, akijifuta pua, "Muache, Gaudi. Muache aseme."

Dokta akamtazama Nyirabageni. Nyirabageni alikuwa anamtazama yeye, na alitikisa kichwa mara moja, kidogo tu. Aliona. Asije mtu akatuambia hakuona.

Lakini kidole kikabaki hewani. Ukweli usemwe, hakuna aliyemshika mkono. Alikuwa na hamu na mama yake. Alijua kinachofuata, alikuwa amekisikiliza peke yake mara mia, na kwake kilikuwa kipande kizuri kuliko vyote alivyowahi kurekodi katika maisha yake, mama yake mjane amesimama mlangoni anamdanganya askari. Alitaka kijiji kijue alikuwa mwanamke wa namna gani. Sekunde moja tu, alijiambia, wasikie kidogo tu. Na ile sheria yake ya miaka ishirini na miwili, na chumba kizima kinangoja kuitikia, basi kidole kikarudi mezani.

Ikasikika sauti yake mwenyewe, ya ujana: "Na hawa ulianza kuwajuaje, mama?"

"Hawa? Si walikuja wenyewe kwenye kahawa yangu! Wakimbizi walikuwa wanarudishwa kwao. Barabara imejaa watu, magodoro kichwani, watoto wanalia. Hawa wawili wakachepuka. Mwanamke ana homa, hawezi hata kusimama. Nikawalaza kwenye kahawa, nikawafunika na majani makavu ya migomba. Askari akaja. Bibi, umeona watu? Nikamwambia, mwanangu, nimeona watu tangu nizaliwe."

Kicheko kilianza, benchi la mbele, kikafika katikati ya chumba, kikafa.

"Ilikuwa mwaka gani, mama?" ikauliza ile sauti ya ujana.

"We mtoto na miaka yako! Tisini na sita, Desemba. Nikakaa nao mwezi mzima ndani, mpaka wakaacha kutafutwa."

"Naomba uzime hapo, Dokta," akasema Prudensia.

Akazima. Sasa ndipo akazima.

Hakuna aliyeitikia. Prudensia aliandika mistari kama minne, akafunika kalamu. Hakuwa mtu mbaya, alionekana kabisa kwamba angependa kuwa mahali pengine. Akasema kwamba zawadi imethibitika na baraza limesikia, lakini kisheria asiye raia hamiliki ardhi, na kwamba yeye kama mtumishi wa serikali akishasikia jambo kama hili hadharani, hawezi kulikalia. Bi Felicitas akasema kwa Kinyambo, "Felicitas mimi, nimefanya nini," akavua kilemba akakikunja mapajani. Gideon hakushangilia. Alikuwa ameshaachia shamba kwa machozi yake mwenyewe, na sasa linamrudia. Nyirabageni alisimama, akamsimamisha bintiye, wakatoka bila kumtazama mtu.

Dokta aliwafuata mpaka kwao, mlango ukafungwa. Akakaa kwenye gogo nje mpaka jua likamchoma. Kisha akaenda kwa kaka yake kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, wala hawakugombana. Waliketi kama watu waliotoka kuzika. Saa kumi na moja Gideon akasema, "Nitumie sauti ya mama. Miaka kumi na miwili sijamsikia." Na Dokta, aliyekuwa hana nguvu ya kumkatalia mtu kitu siku ile, akaihamishia kwenye simu ya kaka yake yote, dakika arobaini na tatu.

Hakurudi Dar es Salaam. Alihangaika na wanasheria, akapiga simu kwa wanafunzi wake wa zamani wenye vyeo, akaandika barua tatu za kueleza kwamba binti amezaliwa hapa na hajui kwingine. Walimjibu kwa adabu. Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, wakati anajiandaa kwenda mjini na begi lake la kompyuta, akasikia gari linapanda kilima. Akakimbia. Mtu wa miaka hamsini, kiatu kimoja hakijafungwa, anakatiza kwenye maharage ya kaka yake.

Gari la uhamiaji lilikuwa limekwishageuza. Mahoro alikuwa ndani, amekumbatia mfuko wa nguo na rejesta ya chekechea ambayo hakupata wa kumwachia. Hakumwangalia Dokta. Nyirabageni alikuwa bado chini. Alikuwa ameomba dakika tano za kufyeka kaburi, na ofisa mmoja, kijana wa watu, akampa kumi, na sasa Nyirabageni alikuwa akilisimamisha panga lake kwenye mgomba kwa uangalifu kama mtu atakayerudi kesho.

"Mama," akasema Dokta. Akapiga magoti. Kwenye majani, mbele ya maofisa. "Mama, nisamehe. Nilikuapia."

"Simama mwanangu, unachafuka." Alisema hivyo kwa kuwa ndivyo alivyozoea kusema, hakukuwa na upole wala ukali ndani yake. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Nisikilize. Mimi yamekwisha. Lakini bibi hakutuficha sisi peke yetu. Aimable na mkewe aliwapeleka Bugomora kwa ndugu zake. Wapo mpaka leo, wana wajukuu. Amewataja humo?"

Aliwataja. Dakika ya ishirini na saba. Na Dokta mwenyewe aliuliza kijiji gani, na mama akasema, na akauliza karibu na nini, na mama akasema.

"Futa," akasema Nyirabageni.

Akafungua begi. Akaweka kompyuta juu ya kichanja cha kahawa, akakosea neno la siri mara mbili. Mafaili yalikuwa mia sita na kumi na nane, na hakuwahi kufuta hata moja. Alilitafuta lile lenye jina la mama yake. Hakuwa na nakala nyingine, zaidi ya ile ya ndani ya kirekodi, nacho akakitoa mfukoni akaifuta kwanza. Halafu hii. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Alilia kwa sauti kama mtoto, akabonyeza, na sauti ya Bi Kokushubira, kikohozi na kuku na kicheko chake, ikaondoka.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, mama."

Nyirabageni akamwekea mkono kichwani, kiganja kile kigumu. "Asante, mwanangu," akasema, na alionekana kama mtu aliyetua mzigo. "Hapo umefanya." Akapanda garini bila kusaidiwa. Dokta alisimama akilitazama likishuka kilima mpaka vumbi likatulia kwenye majani ya migomba.

Ndipo akamkumbuka Gideon.

Alifika kwa kaka yake hana pumzi. Gideon alikuwa kwenye kiti uani, miwani puani, simu mkononi. Na simu ilikuwa inaongea. Mama yao alikuwa humo anamfokea kuku, na Mackrine, mke wa Gideon, anapembua maharage huku anatabasamu.

"Kaka, futa hiyo. Sasa hivi. Kuna majina ya watu humo."

"Nifute mama?" Gideon alimtazama kama kichaa. "Gaudi, umechoka. Njoo ukae. Unajua nimeiweka kwenye grupu la ukoo siku ileile? Watu mia mbili na kumi, mpaka walioko Ulaya. Wamelia, acha kabisa. Wengine wametuma kwenye magrupu yao, Kanoni huko wanaisikiliza, mpaka kwaya. Soma mwenyewe." Akampa simu, na ilikuwa fahari ya mtoto anayependa mama yake, si kitu kingine. "Na wanauliza maswali ya maana, utafikiri wanafunzi wako."

Dokta alipandisha kwa kidole. Machozi, mioyo, mikono iliyokunjwa, pumzika kwa amani bibi yetu. Mwisho kabisa, juzi, namba ambayo haikuwa na jina ilikuwa imeuliza kama huyo Aimable wa Bugomora anayetajwa na bibi ndiye yule fundi baiskeli aliye karibu na mashine ya kusaga. Chini yake mtu mwingine alikuwa ameshajibu kwamba ndiye, na kwamba anapatikana siku zote isipokuwa Jumapili.